Ndizi, Ulezi na Uchafu Usioonekana: Habari za Mbege ya Kilimanjaro

Wasikizaji na wasomaji, habari tunayoileta leo ni habari ya pombe. Hatuileti kwa kuisifu, wala hatuileti kwa kuikataza. Hayo yana watu wake wa kuyasema. Twataka kutazama jambo moja tu la historia: watu wa mlima wa Kilimanjaro, ambao zamani hawakuwa na hadubini wala maabara, waliwezaje kutia tunda tamu ndani ya pombe yao lisiiharibu? Tena, kwa nini siku hizi, watu wakijua mengi kuliko wazee, hatari imeingia kwa mlango mwingine?

Mtu akisimama Njoro, katika mji wa Moshi, akaelekeza uso kaskazini, aona mbele yake mteremko uliofunikwa na migomba, vihamba juu ya vihamba, mpaka msitu uanzapo. Nyuma yake ni uwanda wa joto unaokwenda Kahe. Mbege ni mtoto wa pande hizo mbili. Ndizi hutoka juu kwenye ubaridi na mvua. Ulezi, tangu zamani, ulilimwa chini kwenye jua. Asiye na shamba la uwandani alipaswa kubadilishana na mwenye nalo, na asiye na migomba vivyo hivyo. Kwa hiyo hata kabla mtu hajaonja, pombe ile ilikuwa imekwisha kuwakutanisha watu.

Sasa tueleze jinsi inavyopikwa, maana pasipo kujua hatua zake hatutafahamu habari iliyobaki. Mapishi hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini mwendo wake ni mmoja. Ndizi huachwa ziive kabisa mpaka ziwe laini. Humenywa, hutiwa katika chungu kikubwa au sufuria pamoja na maji, na kuchemshwa kwa saa nyingi hata rangi yake iwe nyekundu ya hudhurungi. Kisha huachwa zipoe, zikatiwa katika chombo na kufunikwa, zikae siku kadhaa zichachuke. Kando yake ulezi hulowekwa, hufunikwa mahali penye unyevu na joto mpaka uchipue, huanikwa juani na kusagwa. Huo ndio unga wa kimea. Unga huu hupikwa uji. Gome la mti uitwao msesewa huchemshwa pia ili kutoa uchungu wa kushindana na utamu wa ndizi. Mwishoni maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji ule uliopoa, hutiwa msesewa kwa kadiri, na kuachwa usiku mmoja. Kesho yake huwa mbege.

Msomaji hodari atakuwa amekwisha kuona jambo. Ndizi zilipita motoni. Uji ulipita motoni. Msesewa nao ulipita motoni. Kila kitu kilichomo, isipokuwa labda maji ya kuzimulia, kimechemshwa kabla ya kukutana na mwenzake. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo shina la habari yetu.

Ganda la tunda lililoiva si tupu. Limejaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho: chachu za porini, vijidudu vya kuchachusha, vijidudu vya siki, na mbegu za ukungu. Nzi wadogo huvihamisha kutoka tunda moja mpaka jingine. Penye sukari na unyevu vyote hivi hushindana, na atakayeshinda ndiye atakayeamua kama kesho utakunywa pombe, siki, au uozo. Basi mtu anayetia tunda bichi ndani ya pombe ametia sukari, na pamoja nayo ametia jeshi asilolijua. Moto wa saa nyingi huliua karibu jeshi lote. Zinazobaki ni sukari na ladha, na uwanja ulio wazi.

Uwanja huo, lakini, haukai wazi. Je, chachu ya kuifanya pombe hutoka wapi, ikiwa zote zimekufa motoni? Hutoka katika chombo. Pipa la mti, mtungi na kibuyu vilivyotumika mwaka baada ya mwaka hubaki na chachu ndani ya vinyweleo vyake. Tena wapishi wengine huacha masalio ya pombe iliyotangulia yaianzishe ile inayofuata. Ndiyo sababu mpishi wa kale hakupenda kuazimisha pipa lake ovyo, na pipa lililotoa pombe mbaya lilitiliwa shaka. Watu wengine walisema limelogwa. Sisi twaweza kusema kwamba limehamiwa na wapangaji wengine, lakini mashaka yale yalikuwa na maana yake, kwa kuwa chombo ndicho kilichobeba mbegu ya pombe.

Wazungu walikuja kulijua jambo hili kwa njia yao, na si zamani sana. Katika Bavaria, nchi ya Wajerumani, sheria ya mwaka 1516 iliamuru kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Chachu haikutajwa hata kidogo, wala hapakuwa bado na mtu aliyejua kwamba ni kiumbe hai. Ilipata mwaka 1856, katika mji wa Lille huko Ufaransa, mwenye kiwanda mmoja aliyetengeneza pombe kali kwa mizizi mitamu inayoitwa biti akaona mapipa yake mengine yachachuka vizuri na mengine yaharibika. Alimwendea mwalimu wa kemia, Louis Pasteur. Pasteur alitia matone ya kila pipa chini ya hadubini. Katika mapipa mazima aliona vidonge vya mviringo. Katika mapipa mabovu aliona vijiti vyembamba. Vidonge vile vilikuwa chachu, na vijiti vilikuwa vijidudu vya kuleta ukali. Mwaka 1857 aliitangaza habari ya vijidudu vya ukali wa maziwa, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya bia na magonjwa yake.

Baadaye, mwaka 1883, Emil Christian Hansen, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, aligundua kwamba hata kati ya chachu zenyewe kuna njema na mbaya. Bia ya kiwanda kile ilikuwa ikiharibika kwa sababu chachu za porini zimejipenyeza. Hansen alitenga chachu moja tu, akaikuza peke yake, ikawa safi. Kiwanda hakikuifanya siri; kiliwagawia wengine. Tangu hapo viwanda vya bia duniani vilifuata njia hiyo, na kwa hiyo bia ya chupa ina ladha moja leo na kesho. Mbege haikufuata njia ile. Ina chachu nyingi na vijidudu vya ukali pamoja, kama maziwa ya mgando yalivyo na viumbe vyake, na ladha ya mpishi huyu si ya mpishi yule. Huo si uchafu. Uchafu ni kile kinachoingia bila kualikwa na kudhuru.

Ili tuone vizuri hekima ya kupika ndizi kwanza, na tulinganishe na majirani. Huko Buhaya, ng'ambo ya ziwa la Nyanza, watu wana pombe ya ndizi iitwayo lubisi. Wao hawazichemshi ndizi. Huzikamua mbichi, kwa mikono au kwa miguu, pamoja na majani makavu ya kushika nyuzi, maji yake hutiwa katika mtumbwi wa mti, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Waganda nao hufanya karibu vivyo hivyo. Pombe yao huwahi kuiva, kwa kuwa ile chachu ya porini inafanya kazi mara moja. Lakini usalama wake wategemea sana usafi wa miguu, wa maji na wa mtumbwi, na haingoji. Yapaswa kunywewa upesi.

Na huko Ubelgiji, karibu na mji wa Brussels, wako watu watengenezao bia kali iitwayo lambic, ambayo huachiwa hewa ya usiku iichachushe. Wengine huitia tunda dogo jekundu liitwalo cheri, nao hulitia bichi. Lakini tazama wakati wanaolitia: si mwanzoni, bali bia ikiwa imekwisha kukaa pipani muda mrefu, imekuwa kali kwa asidi na ina kileo cha kutosha. Vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuishi ndani yake, hata vikiletwa na cheri. Basi watu wa Ubelgiji huilinda pombe kwa ukali wake, na watu wa Kilimanjaro kwa moto. Njia ni mbili, shabaha ni moja: tunda lisikute pombe changa, tamu na dhaifu, likiwa limebeba jeshi lake zima.

Twarudi mlimani. Ikiwa ndizi zimechemshwa, na uji umechemshwa, uchafu waingilia wapi? Watu wengi hulaumu ndizi, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kuoza na kuvutia nzi. Kwa kweli ndizi ndizo zenye hatia ndogo kuliko zote. Milango ya uchafu ni mitatu, nayo ni maji, chombo na kimea, na huu wa tatu ndio mpana.

Habari ya maji ni fupi. Moto ukiisha kuzimwa, pombe ikionekana nzito, mpishi huongeza maji ili izidi. Yakiwa ni maji mabichi ya mto au ya mfereji, kazi yote ya moto imerudishwa nyuma. Zamani maji ya mfongo yaliteka asubuhi na mapema kabla mifugo haijayachafua. Sasa watu ni wengi mno mlimani, na maji yanayoshuka mpaka chini hupita kwenye nyumba nyingi. Ukali wa mbege huua vijidudu vingi vya tumbo, lakini hauviui papo hapo, na anayeinywa ikiwa changa hapati faida hiyo. Dawa yake ni rahisi: maji ya kuongeza nayo yachemshwe, yapoe.

Habari ya kimea ni ndefu zaidi, tena ni ya historia. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliopanda mlima katikati ya karne ya 19 waliikuta mifongo, yaani mifereji ya maji iliyochimbwa kutoka juu kwenye mabonde na kupitishwa ukingoni mwa vilima kwa ustadi mwingi. Kazi moja kubwa ya mifongo ilikuwa kunywesha mashamba ya ulezi katika miezi ya kiangazi. Ulezi ule haukuwa chakula cha kila siku; ndizi ndizo zilizokuwa chakula. Ulezi ulikuwa kwanza wa pombe, na pombe ilikuwa ya kumlipia mahari binti, ya kuwaita watu wachimbe mfongo, ya kumaliza kesi na ya kuwatajia wazee waliokufa. Mahali pasipo na ulezi, shauri halikuweza kukaa vizuri.

Tena ulezi una tabia njema. Punje yake ni ndogo sana, wadudu wa ghalani hawaipendi, na ikikaushwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika. Wazee walioweka ulezi darini juu ya moshi wa jiko waliweza kuungoja mwaka wa njaa. Hatusemi kwamba waliuchagua kwa kuogopa ukungu. Waliuchagua kwa sababu ulitoa kimea kizuri na kitamu. Lakini kwa kuuchagua walijiepusha na mengi.

Mambo yalibadilika katika karne ya 20. Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi, na mji mpya ukaota mahali reli iliposhia, chini ya mlima. Kahawa ilienea vihambani. Mwaka 1925 wenyeji walifanya chama chao cha wakulima wa kahawa, na katika miaka ya 1930 kikafuatwa na chama kikubwa cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilinunua bati, nguo na karo ya shule. Watu wakaongezeka, mashamba yakagawanyika, mahindi yakachukua mahali pengi palipokuwa pa ulezi. Leo ulezi mwingi unaopikwa mbege mlimani huja katika magunia kutoka mikoa mingine. Gunia husafiri siku nyingi, hukaa ghalani kwa mtu asiyelijua shamba, hunyeshewa. Mpishi wa kale aliujua ulezi wake tangu kupandwa. Mpishi wa leo aukuta sokoni.

Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kutengeneza kimea ni kualika unyevu na joto kwa makusudi. Punje hulowekwa na kufunikwa ili ichipue; ukungu nao hupenda unyevu uo huo na joto lilo hilo. Punje ikiwa safi na ikianikwa upesi, hakuna neno. Ikiwa ilikuwa na ukungu tangu gunia, au ikikaa imefunikwa siku zaidi kwa sababu jua halikutoka, ukungu husitawi. Na ukungu mwingine huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Sumu hiyo ilikuja kujulikana mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Kwa Kiswahili siku hizi huitwa sumukuvu. Hudhuru ini. Akiila mtu kidogo kidogo kwa miaka, yaweza kumletea saratani ya ini; akiila nyingi kwa mara moja, yaweza kumwua. Katika Tanzania yetu, mwaka 1916 uliokuwa wa vita haukuijua, lakini mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoharibika. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoshikwa nayo sana. Basi pale mahindi yanapotiwa katika pombe mahali pa ulezi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, mpishi ameacha punje yenye kinga na kuchukua punje dhaifu, wala ladha haitamwambia.

Iko habari moja ambayo kila mpishi wa pombe katika Afrika ya Mashariki yafaa aijue, nayo haikutokea mbali. Katika mwezi wa Januari mwaka 2015, mahali paitwapo Chitima, katika jimbo la Tete, nchi ya Msumbiji, watu walikusanyika msibani. Walikunywa pombe ya nafaka, na hata jina lake huko ni hilo hilo, pombe. Baada ya hapo watu zaidi ya 200 waliugua, na 75 walikufa. Mpika pombe mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Neno la kwanza lililosemwa lilikuwa nyongo ya mamba. Wasomaji wetu walijua neno hilo, maana tangu pwani mpaka Zambezi watu huamini kwamba adui akitaka kuua hutia nyongo ya mamba ndani ya pombe. Magazeti ya dunia nzima yaliirudia habari hiyo. Lakini huko Zimbabwe, katika miaka ya 1980, nyongo ya mamba ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa panya, wala haikuonekana kuwa sumu ya namna hiyo. Pombe ya Chitima ilipelekwa kupimwa katika maabara za nje, na kabla mwaka haujaisha serikali ilitangaza jibu. Unga wa mahindi uliotumika ulikuwa na kijidudu kiitwacho Burkholderia gladioli, nacho kilikuwa kimetoa sumu ndani ya pombe, asidi ya bongkreki. Jina hilo lilitoka kisiwa cha Java, ambako sumu hiyo iliwaua watu wengi waliokula chakula cha machicha ya nazi yaliyochachushwa, hata serikali ya Indonesia ikakipiga marufuku mwaka 1988. Sumu hii haina harufu, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi.

Tufikiri kidogo juu ya Chitima. Katika makabila mengi yetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ili kuonyesha kwamba hakutia kitu. Ni desturi ya heshima na ya akili, nayo humlinda mtu na sumu ya mkono wa adui. Haimlindi na sumu iliyoota yenyewe ndani ya unga, kwa sababu hiyo haiumi mara moja. Mwonjaji hutabasamu, wageni hunywa, na saa nyingi baadaye wote huanguka pamoja. Tena ingalikuwa rahisi, mahali pengine, jirani mmoja kushikwa na kuuawa kwa ajili ya nyongo ya mamba ambayo haikuwako. Hivyo kujua habari ya unga kwaweza kuokoa roho ya anayekunywa, na pia roho ya yule ambaye angesingiziwa.

Mlango uliobaki ni chombo. Pipa la mti na kibuyu viliweza kuleta ukali, lakini havikuweza kuyeyuka. Pombe ya matunda ina asidi, na asidi hula chuma. Mwaka 1929 daktari mmoja, Strachan, aliandika huko Afrika Kusini juu ya watu ambao maini yao yalikutwa yamejaa chuma kupita kiasi. Baadaye ikafahamika kwamba chuma kile kilitoka katika vyungu na mapipa ya chuma ya kupikia pombe ya kienyeji, wakikinywa kidogo kidogo miaka mingi. Ndoo na mapipa ya bati lililopakwa zinki ni mabaya zaidi kwa siku moja: pombe kali ikilala humo huyeyusha zinki, na wanywaji hutapika kabla hawajalewa. Na pipa lililokuja na dawa ya kunyunyizia kahawa halioshwi likawa safi, hata likisuguliwa kwa majivu na mchanga. Hilo halifai kuwekea hata maji ya kuogea mbwa.

Watu huuliza pia juu ya methanoli, ile pombe ya sumu inayopofusha macho. Ni kweli kwamba matunda yakichachuka hutoa methanoli kidogo, kwa sababu ya ule utomvu unaoshikamanisha nyama ya tunda. Lakini katika pombe ya kuchachusha, isiyokenekwa, ni kidogo mno. Maafa makubwa ya methanoli yalitokana na watu waliotia pombe ya viwandani ndani ya kinywaji ili kukiongezea nguvu, kama ilivyokuwa Nairobi mwaka 2000, kinywaji kilichoitwa kumi kumi kilipowaua watu zaidi ya mia moja na kuwapofusha wengine. Hapo tunda halikuwa na hatia yoyote, hatia ilikuwa ya mtu.

Siku hizi pombe ya ndizi hutengenezwa viwandani pia. Huko Arusha kiwanda cha Banana Investments kilianza mwaka 1993, nacho hutia kinywaji chake katika chupa. Kiwanda chaweza kupima. Mpishi wa Kibosho, wa Marangu au wa Njoro hana kipimo ila macho, pua na mikono yake, lakini navyo si haba vikielekezwa mahali panapofaa. Asimwage ulezi bakulini kabla hajaupepeta na kuutazama juani. Punje zilizoshikamana, zenye vumbi la kijani au jeusi, au zenye harufu ya chumba kilichofungwa, hazifai kuwa kimea, wala hazifai kupewa kuku, kwa kuwa kuku nao hudhurika kwa sumukuvu. Kimea kikiisha kuchipua kianikwe siku ile ile katika tabaka jembamba juu ya mkeka, si juu ya udongo. Na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ni heri kukikausha juu ya moto mdogo kuliko kukingojea jua.

Kuhusu ukali wa siku ya tatu, ambao vijana wengi huuita uchafu na kuimwaga mbege, hapo hapana hatari. Ni kazi ya vile vijiti alivyoviona Pasteur huko Lille. Mbege ya siku ya kwanza ni tamu, ya siku ya pili ina nguvu, ya siku ya tatu hukunja uso. Wazee wengine waliipenda hiyo ya tatu kuliko zote, na masalio yake yaliachwa pipani yaanzishe nyingine.